Mashine ya Kusafisha Hewa: Kwanza Pima Chumba

Mwanzoni mwa mwaka 2021, Uingereza ikiwa imeelemewa na wimbi kali la korona, madaktari wa Hospitali ya Addenbrooke's mjini Cambridge walifanya jaribio ambalo hata mtoto wa shule ya msingi angelielewa. Walichukua wodi ya kawaida iliyokuwa imegeuzwa kuwa ya wagonjwa wa korona, wakaweka mashine za kusafisha hewa za kubebeka, lakini kwanza hawakuziwasha. Wiki hiyo walikusanya hewa ya wodini na kuipima. Virusi vikaonekana siku zote tano za upimaji. Kisha mashine zikawashwa na kuachwa zikinguruma usiku na mchana. Siku tano nyingine za kupima zikapita bila virusi kuonekana hata mara moja. Zilipozimwa tena, virusi vikarudi siku nne kati ya tano.

Nalipenda jaribio hili kuliko mengi niliyoyasoma kuhusu mashine hizi, kwa kuwa halikufanyika ndani ya kasha la maabara. Lilifanyika mahali ambapo wauguzi wanaingia na kutoka, milango inafunguliwa, wagonjwa wanakohoa na shuka zinakung'utwa. Tena hazikupungua chembe za korona peke yake. Vijidudu vya aina nyingine navyo vilipungua hewani. Kwa hiyo mtu anayesimama leo mbele ya rafu ya duka, Dar es Salaam, Nairobi au Kigali, akauliza kama mashine hizi zina kazi yoyote au ni mapambo ya matajiri, anastahili jibu la wazi: vijidudu zinaviondoa hewani, na jambo hilo limeonekana wodini, wagonjwa wakiwamo vitandani.

Lipo sharti, hata hivyo, na sharti hilo haliandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi. Boksi litakwambia "asilimia 99.97". Halitakwambia ni hewa kiasi gani ya chumba chako itakayofika kwenye kichujio kabla hujaivuta wewe. Katika suala hili zima, hilo ndilo la kuulizwa kwanza.

Kinachoelea

Mtu anapozungumza, anapoimba au anapokohoa, hutoa chembe za majimaji za ukubwa tofauti. Zile kubwa huanguka karibu. Zile ndogo hukauka kabla ya kufika sakafuni, zikabaki nyepesi mno kiasi kwamba upepo mdogo wa feni au wa mtu anayepita unatosha kuzihamisha. Mhandisi Mmarekani William Firth Wells aliyaeleza haya mwaka 1934. Chembe hizo ndizo zinazobeba bakteria wa kifua kikuu, na ndizo zinazofanya virusi vya surua viweze kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani.

Wells hakuaminiwa kirahisi. Ili kuthibitisha, yeye na Dakta Richard Riley walikwenda kwenye hospitali moja ya maveterani mjini Baltimore mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakachagua wodi ndogo ya wagonjwa wa kifua kikuu na kuifungia bomba lililopeleka hewa yake hadi kwenye chumba cha juu walimofugwa simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa hata kwetu katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania na huko Kivu. Simbilisi hawakuwahi kumgusa mgonjwa, wala kula naye, wala kulala kwenye shuka lake. Walichoshiriki naye ni hewa tu. Wakaugua, mmoja baada ya mwingine. Kundi la pili la simbilisi lilipewa hewa ileile ya wodi, ila njiani ilipitishwa kwanza kwenye mwanga wa urujuanimno. Katika kundi hilo hakuambukizwa hata mmoja.

Somo lenyewe ni zito: hewa ikisafishwa kabla ya kuvutwa, ugonjwa hauvuki. Ilitakiwa liwe limeshaingia vichwani. Lakini Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona haisambai kwa hewa, na ilibidi wanasayansi 239 waandike barua ya wazi Julai mwaka huohuo kulipinga. Dunia ilitumia miezi ya thamani kubwa ikifuta vitasa vya milango huku madirisha yamefungwa.

Kichujio si chekecheo

Nimesikia watu wenye elimu nzuri wakisema kwamba mashine hizi haziwezi kukamata virusi. Hoja yao ni hii: kichujio cha HEPA, kile cha asilimia 99.97 kilichomo ndani ya mashine hizi, hupimwa kwa chembe za maikroni 0.3, na kirusi cha korona kina maikroni 0.1 hivi, basi kinapenya. Inasikika kama hesabu sahihi, lakini msingi wake ni kosa, na ni vizuri kueleza kwa nini.

Vichujio hivi vilibuniwa Marekani miaka ya 1940, katika mradi wa kutengeneza bomu la atomiki, ili kuzuia vumbi lenye mionzi. Ndani yake mna nyuzinyuzi nyembamba sana zilizolala ovyoovyo, nyingi zikiwa za kioo. Nafasi kati ya unyuzi na unyuzi ni kubwa kuliko kijidudu. Chembe hazizuiwi kwa sababu tundu ni dogo. Zinazuiwa kwa sababu zinagonga unyuzi na kunasa. Chembe kubwa, hewa inapokunja kona, haiwezi kukunja nayo. Inakwenda moja kwa moja na kugonga. Chembe ndogo kabisa inasukumwasukumwa na molekuli za hewa, inayumba huku na huku kama mlevi, na katika kuyumba huko haikosi kugusa unyuzi. Inayosumbua ni ile ya katikati: si nzito kiasi cha kushindwa kona, wala si nyepesi kiasi cha kuyumba sana. Ukubwa wake ni kama maikroni 0.3. Kipimo kile kikachaguliwa kwa kuwa ndipo kichujio kinapopata shida zaidi. Kikikamata chembe 9,997 kati ya 10,000 hapo, zilizo ndogo na zilizo kubwa kuliko hizo kinazikamata kwa urahisi zaidi. Isitoshe, kirusi hakisafiri uchi. Kinasafiri ndani ya chembe ya mate au ya majimaji ya mapafu, yenye chumvi na utelezi, ambayo ni kubwa kukizidi mara nyingi.

Basi kichujio hakina lawama. Hewa iliyopita ndani yake imetoka safi. Kazi iliyobaki ni ya feni iliyo nyuma yake, na hapo ndipo wengi wanaponunua mashine isiyolingana na nyumba.

Hesabu ya chumba

Chukua sebule ya mita 6 kwa 4, yenye dari la mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 72. Mwezi Mei 2023 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa pendekezo kwamba chumba chenye watu kipate hewa safi ya kukijaza angalau mara 5 kwa saa, iwe imetoka nje au imetoka kwenye kichujio. Mara 5 kwa 72 ni 360. Kwa hiyo sebule hiyo inahitaji mashine inayotoa mita za ujazo 360 za hewa safi kwa saa. Kwenye boksi au kijitabu, kiasi hicho huandikwa kwa herufi CADR. Mashine za Kimarekani hukitaja kwa futi za ujazo kwa dakika. Kizidishe kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa.

Sasa peleka hesabu hiyo darasani. Darasa la mita 9 kwa 7, dari mita 3, lina mita za ujazo 189, na linahitaji 945 kwa saa. Mashine ndogo ya pembeni mwa kitanda inayotoa 150 kwa saa, ikiwekwa humo, haifikishi hata mzunguko mmoja kwa saa, yaani kulijaza darasa mara moja. Tuseme mgonjwa amekohoa kisha akatoka, na chumba kimefungwa. Mashine inayofikisha mizunguko 5 itaondoa asilimia 99 ya chembe alizoziacha katika muda wa chini kidogo ya saa nzima. Ile ndogo itahitaji karibu saa sita, na kufikia hapo wanafunzi wameshakwenda nyumbani na walichovuta wamekivuta.

Msomaji makini atauliza kwa nini mzunguko mmoja hautoshi, iwapo hewa yote ya chumba imeshapita. Ni kwa sababu haipiti yote. Hewa iliyosafishwa inarudi na kuchanganyika na ile chafu, na mashine inavuta mchanganyiko huo, si uchafu mtupu. Mzunguko mmoja unaondoa kama asilimia 63, unaofuata unaondoa asilimia 63 ya kilichobaki, na kuendelea hivyo. Hii ndiyo sababu hospitali hutumia majedwali ya muda wa kusubiri kabla ya kuingia chumba alichokuwamo mgonjwa wa kifua kikuu: mizunguko 6 kwa saa, subiri dakika 46, mizunguko 12, dakika 23, mizunguko 2, zaidi ya saa mbili.

Kuna mahali hesabu hii imepimwa darasani kwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, Profesa Joachim Curtius na wenzake wa Chuo Kikuu cha Goethe, Frankfurt, waliweka mashine nne katika darasa moja la sekondari, wanafunzi wakiwa wamo wanasoma. Zilifikisha mizunguko 5.5 kwa saa. Chini ya nusu saa chembe zinazoelea zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mashine nne, si moja. Mwaka huohuo watafiti wa CDC walitumia ukumbi wa mikutano na vifaa vinavyopumua kama watu. Mashine mbili za HEPA zilipunguza chembe walizovuta washiriki kwa hadi asilimia 65, na barakoa zilipoongezwa kwa wote upungufu ukafika asilimia 90.

Feni iliyofungwa juu ya boksi

Tukio lililonithibitishia zaidi kwamba wingi wa hewa ndio unaoamua halikutoka kwenye kampuni kubwa. Agosti 2020 Richard Corsi, mhandisi wa hewa za ndani, alitoa wazo la kuambatisha vichujio vya kawaida vya mifumo ya viyoyozi kwenye feni ya mraba ya nyumbani. Jim Rosenthal, mtengenezaji wa vichujio wa Texas, akaunda boksi la kwanza na kulipa jina la Corsi. Corsi naye akasema sifa zimwendee Rosenthal. Likabaki na majina yote mawili: boksi la Corsi na Rosenthal. Linaundwa kwa vichujio vinne au vitano vilivyosimamishwa kama kuta za mchemraba, feni juu, kipande cha kadibodi na gundi ya utepe. Katika majira hayo ya hofu, walimu, wazazi na wanafunzi wa Marekani waliyaunda maelfu kwa maelfu.

Vichujio vyake si HEPA. Ni vya daraja linaloitwa MERV 13, vinavyokamata angalau nusu ya chembe ndogo kati ya maikroni 0.3 na 1, na angalau asilimia 85 ya zile za maikroni 1 hadi 3. Ukisikia "nusu" baada ya "99.97" unaweza kucheka. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipolipima boksi hilo, lilitoa hewa safi ya kiasi cha mita za ujazo 1,000 hadi 1,400 kwa saa kutegemea kasi ya feni. Hiyo inatosha darasa letu la mita 9 kwa 7, kwa gharama isiyozidi sana dola 100. Mashine ya HEPA inayopitisha mita 150 kwa saa, hata ikikamata kila kitu, mwisho wake ni 150. Kichujio hafifu kinachopitiwa na hewa nyingi sana kimeshinda kichujio bora kinachopitiwa na hewa kidogo.

Sipendekezi kila mtu akimbilie gundi na kadibodi. Feni zile za mraba si za kawaida kwetu, na vichujio vya daraja hilo vinapatikana kwa tabu nje ya wauzaji wa mifumo mikubwa ya viyoyozi. Ninachotaka msomaji akichukue ni ule ulinganisho, maana ndio utakaomlinda dukani.

Dirisha lina hesabu yake

Wingi huohuo wa hewa ukiupima, utagundua kwamba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ina kifaa kinachoishinda mashine: dirisha lililo wazi, lenye dirisha jingine ng'ambo yake.

Jijini Lima, Peru, Rod Escombe na wenzake walipima vyumba 70 vya hospitali nane na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilipata mizunguko 28 kwa saa, kwa kipimo cha kati. Vyumba vya kutenga wagonjwa vyenye mitambo ya kupuliza hewa vilikuwa na 12, ambayo ndiyo iliyopendekezwa. Na majengo ya kale, yaliyojengwa kabla ya 1950 kwa dari refu na madirisha makubwa, yaliyashinda majengo mapya yasiyo na mitambo: 40 dhidi ya 17. Watafiti walikadiria kwamba hatari ya kuambukizwa kifua kikuu kwa mtu aliyekaa siku nzima na mgonjwa asiyetibiwa ilikuwa asilimia 39 kwenye vyumba vya mitambo, na asilimia 11 kwenye vyumba vya kale. Ninapopita kwenye hospitali zetu kongwe, zenye vibaraza na dari zilizo juu kabisa, kisha nikaona jengo jipya la kando yake limebanwa vioo visivyofunguka, nasikitika kwa kweli. Tunayabomoa tuliyokuwa nayo kisha tunaagiza mashine kutoka nje kuziba pengo.

Jambo hili linabadilisha thamani ya mashine yenyewe. Chumba kilichofungwa, kinachopata hewa ya nje mara moja tu kwa saa kupitia nyufa, ukikiongezea mizunguko 5 ya mashine kinakuwa na 6: mgonjwa akiwa ndani anaendelea kupumua, kiwango cha vijidudu hewani kinashuka hadi karibu moja ya sita. Chumba chenye mizunguko 28 ya dirishani, ukikiongezea hiyohiyo 5, kinashuka kwa asilimia 15 tu. Mashine ileile, umeme uleule, bei ileile. Katika chumba cha kwanza imeokoa. Katika cha pili karibu isingehitajika.

Tatizo ni kwamba madirisha yetu hayako wazi saa zote. Jua likizama watu wanafunga kwa sababu ya mbu, na wanafunga kwa sababu ya wezi. Njombe na Limuru wanafunga kwa baridi. Mjini wanafunga kwa vumbi na kelele. Na zaidi ya yote, wanafunga kwa sababu ya kiyoyozi. Wengi hudhani kiyoyozi cha ukutani, chenye sehemu moja ndani na nyingine nje, kinaleta hewa mpya. Hakileti. Kinachopita ukutani ni mabomba ya gesi ya kupozea. Hewa inayokupiga usoni ni ileile ya chumbani, imepozwa na kurudishwa. Wavu wake unashika vumbi na nywele, si chembe za maikroni 1. Mwezi Januari 2020, katika mgahawa mmoja wa Guangzhou, China, watu 10 wa familia tatu waliokula kwenye meza jirani waliambukizwa korona, hewa ya kiyoyozi ikizunguka kati yao katika ukumbi usio na madirisha. Feni ya darini nayo haisafishi chochote. Inachanganya tu, ingawa kuchanganya huko huisaidia mashine kufikiwa na hewa ya pembe za mbali.

Kwa hiyo nikiulizwa mashine iwekwe wapi kwanza, jibu langu halianzi nyumbani kwa mwenye nacho. Linaanza kwenye vyumba visivyoweza kufunguliwa na vyenye watu wengi wasiojuana: chumba cha kusubiria kliniki chenye kiyoyozi, maabara ya makohozi, chumba cha daktari wa meno, ofisi ya kioo ya ghorofani, bweni la shule usiku wa baridi. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Muuguzi anayempokea mgonjwa ambaye bado hajapimwa ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi, maana mgonjwa akishaanza dawa zinazofaa uwezo wake wa kuambukiza hushuka upesi.

Hapo pia mashine ina mshindani. Huko eMalahleni, Afrika Kusini, watafiti walilirudia jaribio la Wells na Riley juu ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu, simbilisi wakivuta hewa ya wodi. Safari hii taa za urujuanimno zilifungwa karibu na dari, juu ya vichwa vya watu, na feni za kuchanganya hewa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kinga ya karibu asilimia 80. Taa hizo hazina kelele na zinahudumia eneo kubwa, lakini zinataka fundi anayejua kuzipima, kwa kuwa mwanga huo unaunguza macho na ngozi ukishuka chini. Mashine ya kubebeka unaitoa kwenye boksi na kuichomeka. Urahisi huo una thamani yake katika kituo cha afya kisicho na fundi.

Yasiyoondolewa na kichujio

Ushahidi una upande wake mgumu, na si haki kuuficha. Kupungua kwa vijidudu hewani si sawa na kupungua kwa wagonjwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Norwich, walikusanya tafiti 32 zilizofanyika katika mazingira halisi kama shule na nyumba za wazee, wakaona hazitoi uthibitisho thabiti kwamba kusafisha hewa kulipunguza maradhi ya watu. Mwaka uliofuata, jaribio la nyumba za kulea wazee nchini Australia, ambako mashine za HEPA ziliwekwa vyumbani mwa wakazi, halikuonyesha tofauti ya kutosha kwa kundi zima.

Sishangai. Mzee analala chumbani akiwa peke yake na mashine yake, kisha anakula na kuzungumza na wenzake kwenye ukumbi usio na mashine. Mtoto anasoma kwenye hewa safi kisha anapanda basi lililojaa. Pia mtu anayekukoholea ukiwa umekaa naye bega kwa bega atakufikia kabla mashine ya kona haijajua. Hapo barakoa ina nguvu kuliko kichujio chochote. Na ipo sababu ya kibinadamu kabisa: kelele. Kiasi cha hewa kinachotajwa kwenye boksi ni cha kasi ya juu, na kasi ya juu inanguruma. Mwalimu anaipunguza ili asikike, na mizunguko 5 inakuwa miwili bila mtu kuandika popote. Ni afadhali kununua mbili ziendeshwe taratibu kuliko moja ambayo itazimwa saa nne asubuhi.

Kuna mambo mawili mengine ninayotaka yaeleweke bila shaka, kwa kuwa yanagusa uhai. La kwanza ni moshi. Kichujio cha HEPA kinanasa chembe za moshi, lakini hakinasi gesi. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye jiko la mkaa itapita kama vile hakuna kitu. Asidhani mtu kwamba akiwa na mashine hii anaweza kulala na jiko la mkaa ndani kwenye usiku wa baridi. Ataamka hoi, au hataamka. Vivyo hivyo hewa nzito ya chumba kilichojaa watu, yenye kabonidayoksaidi waliyoitoa, haipunguzwi na mashine. Inataka hewa ya nje.

La pili ni mashine zinazojinadi kwa ioni, plazma au ozoni. Baadhi hutoa ozoni kwa makusudi, nyingine huitoa kama uchafu wa pembeni. Ozoni inachoma njia za hewa, na mwenye pumu ndiye anayeumia kwanza. Kiasi kisichomdhuru mtu hakisafishi hewa kwa maana yoyote, na kiasi kinachoua vijidudu hakifai kuvutwa. Matangazo yake ya "kuua asilimia 99.9" mara nyingi yametoka kwenye kasha dogo lililofungwa kwa saa kadhaa, halina uhusiano na sebule yako. Jimbo la California limeweka kikomo cha ozoni kwa mashine zote zinazouzwa humo. Kwetu mnunuzi hana ulinzi huo, basi ajilinde: achukue yenye feni na kichujio, aiache yenye maajabu.

Umeme si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Mashine ya wati 50 ikiwaka saa 24 inakula uniti 1.2. Kinachoua mradi ni kichujio. Kwenye miji yetu ya vumbi na moshi wa mkaa kinajaa mapema kuliko kijitabu kinavyosema, na kikijaa hewa inayopita inapungua, mashine ikiendelea kunguruma vilevile na taa yake ikiwaka. Wavu wa mbele usafishwe kila wiki mbili hivi. Kichujio chenyewe kibadilishwe, kisioshwe, maana maji yanaharibu nyuzi. Mashine isisukumwe nyuma ya kabati. Iachiwe nafasi pande zote ivute.

Ndiyo maana ningependa kila hospitali au shule inayopokea mashine hizi kwa msaada au kwa zabuni idai mambo mawili kwenye karatasi kabla ya kusaini: kiasi cha hewa safi kwa kasi ambayo watu wataivumilia, kikilinganishwa na ujazo wa kila chumba kilichokusudiwa, na vichujio vya miaka mitatu au zaidi, vikiwa vimelipiwa na vinajulikana vitatoka wapi. Muuzaji asiyeweza kujibu la pili atakuwa ameuza feni. Na kazi ya kubadilisha ikabidhiwe kwa mtu mmoja anayejulikana kwa cheo, kama anavyojulikana anayetunza jokofu la chanjo, mwenye daftari la tarehe na vichujio vya akiba stoo.